Baba, Bado Unahesabiwa Muhuru

Baba yangu kipenzi, bwana mizani,

Keti vizuri huko uliko, maana leo nina kisa chako, na nakujua, kabla sijafika katikati utakuwa umeshaanza kile kicheko chako cha kukohoa. Wewe umekufa. Tulikuzika, nikalia mpaka sauti ikanikauka, na hilo halina ubishi. Lakini kwa mujibu wa utafiti tuliofanya mwaka huu katika kaunti za Migori na Homa Bay, wewe u mzima kabisa, unaishi Muhuru Bay na mke wako, na mwezi mzima uliopita hukuugua hata mafua.

Ngoja, usinikatize. Nitakueleza.

Kwanza nikwambie ninafanya kazi gani, kwa sababu uliondoka nikiwa bado nazunguka na bahasha ya vyeti. Siku hizi mimi ni msimamizi wa watu wanaopita nyumba kwa nyumba wakiuliza maswali. Mnalima nini, mnauza nini na wapi, maji mnateka wapi, mtoto akiugua mnampeleka kwa nani. Majibu wanayaingiza kwenye tableti, sisi tunayachambua kwa kompyuta pale ofisini Migori, halafu kaunti na wafadhili wanaamua nini kipelekwe wapi. Mama akiulizwa kanisani binti yake anafanya kazi gani mjini, hujibu, "Anauliza watu maneno." Kisha huongeza, "Alitoa kwa babake." Hapo hajakosea.

Nakuona bado umesimama kando ya mizani pale ufuoni, kalamu sikioni, wavuvi wakikuletea samaki na malalamiko kwa pamoja. Mtu akisema, "Samaki wameisha siku hizi," wewe bila hata kuinua kichwa: "Kuliko lini?" Mwingine akisema unga umepanda bei: "Kuliko wapi?" Watu walikuchoka, Baba, nakwambia ukweli. Unakumbuka Jumapili ile pasta alipohubiri kwamba vijana wameharibika? Niliona midomo yako inaanza kucheza, nikakukanyaga mguu, lakini wapi! "Kuliko akina nani, Pasta?" Kanisa zima likageuka. Mama akajifunika uso kwa leso. "Yawa, Onyango, hata kwa nyumba ya Mungu?" Pasta mwenyewe alicheka, lakini siku hiyo tulirudi nyumbani kwa njia ya nyuma.

Na soko la Migori je? Nilikuwa nimefunga shule, wewe umesikia watu wakisifu kwamba mahindi ya Migori ni rahisi kuliko ya kwetu, na jambo hilo likakunyima raha. Ukanichukua twende tukaone. Kwapani ulibeba gorogoro yetu ya nyumbani, mkebe ule ule wa kupimia omena, dagaa wetu wa ziwani, umeufunga kwenye gazeti kama mtu anayeficha kuku wa wizi. Niliona aibu mpaka nikatembea hatua kadhaa nyuma yako ili watu wasijue tuko pamoja.

Ulichagua mama mmoja mnene, mchangamfu, mwenye gunia kubwa mbele yake. Akapima gorogoro yake ikajaa mpaka juu, imefanya kilima. Ukamwomba aimimine kwenye mkebe wako. Ikaingia yote, na nafasi ikabaki. Watu wakaanza kusogea. Yule mama akakuangalia kutoka viatu mpaka kofia. "Mzee, wewe umekuja kununua mahindi ama umekuja kutafuta vita?"

Mtu mwingine angeugeuza ule mkebe juu chini aonyeshe umati jinsi tako lake lilivyogongwa likaingia ndani. Wewe hukuugusa. Ulisema kwa upole, "Mama, sijakuita mwizi. Nimesema tu mkebe wako unashiba haraka kuliko wangu." Umati ukaangua kicheko, na yule mama akacheka kuliko wote, akachota konzi mbili za ziada, tukanunua kwake. Mkaachana kama watu wa ukoo mmoja. Tukiwa njiani ukaniambia, "Akinyi, ile bei tuliyosikia ilikuwa kweli. Ni mkebe ndio hakuna mtu aliuliza." Wakati ule nilikuwa nafikiria chapati. Lakini maneno yaliingia, Baba, na ndiyo yanayonilisha leo.

Sasa tufike kwenye kifo chako, au tuseme ufufuo wako.

Unajua omena yetu inavyokaushwa. Nyavu zinatandazwa chini, omena inamwagwa juu yake, halafu wanawake wanaangalia mawingu. Mvua ikinyesha kabla haijakauka, basi, hiyo imekuwa chakula cha kuku. Mama bado yuko kwenye kazi hiyo, na msimu wa mvua za mwaka huu ulimfanya akonde. Nilipiga simu siku moja nikamkuta analia, na Mama si mtu wa kulia. Omena yake yote ilikuwa imelowa na kuanza kunuka.

Utafiti wetu ulikuwa wa jambo hilo hilo. Kulikuwa na mradi wa kujenga vibanda vya kukaushia: meza za wavu zilizoinuliwa, na paa jeupe linalopitisha jua na kuzuia mvua. Vibanda havikutosha fuo zote. Ilikubaliwa viende pale ambapo nyumba nyingi zinategemea mwanamke peke yake, na kati ya sehemu zilizofikiriwa ni Kisegi, kule kwa wajomba zangu upande wa Homa Bay, na kwetu Muhuru. Hapo ndipo moyo wangu ulipokuwa, na sikuwa na ruhusa ya kuusikiliza. Sheria yetu hairuhusu uhoji watu wa kwenu. Kwa hiyo kijiji chetu kilipewa Boke, msichana Mkuria kutoka Isebania, mcheshi, mchapa kazi, asiyejua Kijaluo isipokuwa salamu na neno la kuomba maji.

Fomu iliuliza "mkuu wa kaya ni nani." Sasa Baba, nani Muhuru anajua kaya? Tulipojaribu maswali, mzee mmoja alituambia kaya ni ile misitu ya matambiko, iko Mombasa. Wenzetu wa timu ya Kisegi walilishikilia swali lile na kulifafanua: kaya ni watu wa nyumba hii, mkuu ni yule anayewatunza. Sisi wa Muhuru tulitaka kuuliza kama watu wenye adabu. Tukakubaliana sote kwamba ukifika kwa watu, uliza vile watu wanavyouliza: "Mwenye boma hii ni nani?" Tulijipongeza hata, tukanunua soda.

Majibu yakaja. Daktari, mkubwa wetu aliyeko Nairobi, akatupigia simu ya video na kutuonyesha: Kisegi ina wanawake wengi wanaoendesha nyumba peke yao, Muhuru ni wachache sana. "Kwa hivyo vibanda vinaenda Kisegi," akasema. "Tuandike ripoti."

Niliwaza Mama na zile nyavu zake. Lakini pia, Baba, nilisikia mdomo wangu unasema kabla sijauruhusu, "Wachache kuliko wapi?"

"Si nimesema? Kuliko Kisegi."

Lakini haikuniingia akilini. Kisegi na Muhuru ni ziwa moja. Maji yale yale yamechukua waume wa huku na wa huko, na magonjwa ni yale yale. Wanaume wa Muhuru wanakula nini ambacho wa Kisegi hawali, hata wao hawafi? Na mimi nawajua wanawake wa pale kwenye nyavu. Nimezika waume zao nikiwa nimesimama kwenye kwaya.

Nikafungua data ya kijiji chetu. Majina huwa yametolewa, unaona tu mstari mmoja mmoja. Nikashuka polepole, na mstari mmoja ukanisimamisha. Mkuu wa kaya: mwanamume. Elimu: darasa la saba. Kazi: karani wa mizani ufuoni.

Muhuru nzima karani wa mizani wa darasa la saba alikuwa mmoja. Nikaangalia umri. Mama hakukuacha pale ulipofia; alikuongezea miaka yote, sawasawa kabisa, wewe sasa ni mzee. Je, mkuu wa kaya aliugua mwezi uliopita? Hapana. Je, ameenda hospitali? Hapana. Je, amehama au kusafiri? Hapana.

Nilicheka Baba, nikacheka mpaka nikaweka kichwa mezani. Halafu sijui ni wakati gani kicheko kiligeuka, nikaona meza imelowa. Miaka yote hii sijakuona popote, naja kukukuta hapo katikati ya takwimu, mzima, na kazi yako ile ile.

Boke alikuja mbio akidhani nimepata habari mbaya. Nikamwonyesha ule mstari. "Huyu ni babangu."

"Ah, vizuri! Sikumpata, lakini mama yako alinieleza kila kitu. Nilimuuliza mzee yuko wapi, akanionyesha na kidevu hapo nje kando ya nyumba. Nikajua yuko kwa shamba."

"Boke, hapo kando ya nyumba ni kaburi."

"Woi!" Akakaa chini. Akashika kichwa. "Na vile nilimuuliza kama mzee amegonjeka hivi karibuni, akaniambia hapana, sasa amepona kabisa!"

Tukaangaliana, tukaanza tena kucheka, na hapo ndipo nilipolielewa jambo zima. Kwetu boma ni la aliyelijenga. Mwanamume akifa hachukui boma lake, na mjane wake hawezi kuliita lake, hata kama ndiye anayeezeka paa na kulipa karo. Ukimuuliza kwa adabu mwenye boma ni nani, atakwambia kwa adabu, Onyango. Jirani atasema Ouma. Yule wa ng'ambo ya njia atasema Odero. Wote wako chini ya udongo. Tulikuwa tumehesabu makaburi, Baba, tukayaandikia elimu na kazi. Kisegi waliuliza anayetunza watu, wakaambiwa anayetunza watu.

Nikampigia Daktari. Sikumficha kitu. Nilimweleza kuhusu yule mama wa soko la Migori na gorogoro yake, nikamwambia Muhuru na Kisegi tumepima kwa mikebe tofauti halafu tunalinganisha vilima. Kisha akasema jambo ambalo sikulitaka, na ambalo wewe ungelisema vilevile.

"Akinyi, unaniomba nibadilishe matokeo kwa faida ya ufuo ambao mama yako anauza omena. Unajua hiyo inakaa vipi?"

"Sikuombi ubadilishe. Naomba tuulize tena."

"Basi Boke aulize. Wewe usiongee na mtu yeyote kijijini kabla ya yeye kumaliza. Hata mama yako. Na nikisikia mtu ameelekezwa jibu, vibanda vinaenda Kisegi na wewe unaenda nyumbani."

Kwa hiyo nilifika kwenu kama mgeni, msimamizi anayemsindikiza Boke. Nilimsalimia Mama mbele ya Boke, salamu tu, nikakataa chai, jambo lililomshtua kuliko kama ningemtukana, nikaenda kukaa nje kwenye saruji ya kaburi lako. Ulikuwa umepata kivuli kizuri. Dirisha lilikuwa wazi, nami nikasikia kila neno.

"Mama, naomba nirudie swali moja. Mwenye boma hii ni nani?"

"Si nilikwambia? Ni Onyango. Ama hiyo simu yako imesahau?"

"Haijasahau, mama. Yeye yuko hai?"

Kuku akapita. "Alituacha," Mama akasema.

"Pole sana, mama. Basi saa hii mwenye boma ni nani?"

Nikasikia kiti kikisukumwa. "Wewe msichana, unataka niseme nini? Alijenga hii nyumba na mikono yake. Yuko hapo nje. Nikisema boma ni yangu, si ni kama nimemfukuza? Nimfukuze aende wapi?"

Baba, nilitamani kuingia. Nilitamani kupiga kelele dirishani, Mama, sema ni wewe, kuna vibanda! Nilishika ile saruji kwa mikono miwili na nikauma midomo. Sikuwa nimewahi kujua kwamba bado anakulinda namna hiyo, kila siku, anakulindia mlango ili usiwe mgeni kwako. Nilikupenda sana saa ile, na yeye nikampenda zaidi, utanisamehe.

Boke hakusukuma. Alikaa naye hivyo hivyo mpaka pumzi ya Mama ikatulia. Kisha akasema, "Boma ikae vile iko, mama. Hiyo nimeandika. Sasa niambie kitu ingine. Jana nani aliamua omena iuzwe ama ingojee?"

"Mimi."

"Mtoto wa shule akiletwa nyumbani kwa sababu ya karo, anakuja kwa nani?"

"Kwangu."

"Paa ikianza kuvuja?"

"Ni mimi. Nani mwingine, kuku?" Na Mama akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyejisikia akisema jambo kwa mara ya kwanza. "Kila kitu ni mimi. Andika hapo. Kila kitu ni mimi."

Kuanzia nyumba ile Boke na wenzake waliuliza maswali yote mawili kwa kila mtu, Muhuru na Kisegi pia: boma ni la nani, na nani anaamua. Habari ilipita ufuoni haraka kuliko redio. Wanawake wa kwenye nyavu walipoambiwa kwamba Migori ilikuwa inawajua kama wake za watu, walishikana mabega kwa kucheka. "Kumbe huko kwa ofisi nina bwana!" mmoja akasema. "Basi wamlete, kuna mlango wa kutengeneza." Mwingine akataka kujua kama wake ameandikwa kuwa ameacha pombe. Nilipotoka kule mbavu zilikuwa zinauma.

Majibu mapya yalipokuja, Muhuru na Kisegi zilikuwa zinakaribiana kama mapacha. Daktari aliyaweka maswali yote mawili kwenye ripoti, bega kwa bega, na akaandika kwa nini. Vibanda vikagawanywa fuo mbili. Wajomba zangu wa Kisegi wananung'unika kwamba dada yao amewanyang'anya, na kila wakipiga simu wanamuuliza kama ana kingine anachotaka kuiba. Mama anawajibu kwamba atawauzia omena kavu kwa bei ya ndugu, yaani ghali.

Wiki iliyopita nilienda siku ya kukabidhiwa vibanda. Ungependa kuona, Baba. Meza zimepangwa zinang'aa, wanawake wamevaa nguo za Pasaka, mtu ameleta spika kubwa inayokoroma. Karani wa kaunti alikuwa anaandika jina la kila mwenye meza ili alibandike kwenye nguzo. Akasoma, "Boma ya Onyango."

Mama akasogea mbele.

"Jina lako, mama?"

"Mama Akinyi!" wanawake wakamsaidia kwa sauti moja.

Karani akatabasamu. "Mama Akinyi hiyo ni kazi. Nataka jina."

Mama akapangusa mikono kwenye nguo yake mpya, akatazama ile nguzo tupu. Nikadhani atasema mke wa Onyango. Nikadhani atasema binti wa Kisegi, kama wanavyomwita mazishini. Akanyoosha shingo, akasema kwa sauti iliyoishinda ile spika:

"Awuor."

Nilishtuka, Baba, kama mtu aliyeguswa bega. Ufuo mzima humwita kwa jina langu. Mimi humwita Mama. Tangu nizaliwe nimemsikia mtu mmoja tu akiliita jina lile, wewe, ukirudi kutoka ziwani, kutoka langoni kabisa, kabla hata hujaonekana. Ulipokufa nilidhani limekwenda nawe, na sikuwahi kufikiria kumuuliza kama analikosa.

"Awuor nani?" karani akauliza.

"Awuor," akarudia. "Inatosha. Ndiyo mimi."

Limebandikwa hapo sasa, kwa rangi nyeupe, juu ya meza iliyojaa omena. Lala salama, Baba, na usiwe na wasiwasi kuhusu nyumbani. Boma bado ni lako. Ila lile jina ulilokuwa ukiliita peke yako, mwenyewe ameanza kulitumia.

Ni mimi niliyekaa nawe nje,
binti yako